Ahadi na Dhahabu

Kansay ni kata ya wakulima katika nyanda za juu za Karatu, baina ya Ziwa Manyara na Ziwa Eyasi. Watu wake hulima mahindi, maharage na mbaazi, hufuga ng'ombe wachache, na hupima utajiri wa mtu kwa ardhi aliyo nayo na kwa hesabu ya watu wanaokula nyumbani kwake. Kansay si mji wa dhahabu. Katika utoto wangu sikupata kumsikia mtu akiitaja dhahabu ila kanisani, zilipotajwa zawadi za Mamajusi. Walakini ni huko, wala si katika maktaba, nilikokutana uso kwa uso na swali ambalo kwa miaka mingi nilikuwa nikilisoma katika historia ya miji ya dhahabu bila kutambua kuwa lanihusu. Swali ni hili: ahadi iliyotolewa kabla ya thamani ya kitu kujulikana, je, yamfunga mtoaji baada ya thamani hiyo kujulikana?

Habari yenyewe ni fupi. Mwaka wa 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipokuwa wakihamishwa huku na huko, baba yangu mkubwa alimwazima jirani mgeni shamba la eka mbili. Hakumwuzia, wala hakumpa moja kwa moja. Hapakuandikwa karatasi. Maneno yaliyosemwa siku hiyo yajulikana na nyumba zote mbili, kwa maana yamerudiwa mara nyingi harusini na misibani: lima mpaka nguvu zako ziishe, na zako zikiisha, alime mwanao. Jambo moja zaidi lastahili kutajwa. Aliyeazimwa shamba, kwa desturi, hapandi miti ya kudumu, kwa sababu mti ni kama hati. Apandaye mti adai kivuli cha miaka ijayo. Baba mkubwa aliliondoa hata sharti hilo. Jirani akapanda migrevilea mipakani mwa shamba, ikakua, mingine ikakatwa na kuwa paa la nyumba yake, na mingine ingali imesimama.

Katika likizo moja ya mwisho wa mwaka nilikuwa nyumbani. Mvua za vuli zilikuwa zimelainisha ardhi, na mjukuu wa jirani alikuwa akichimba mashimo ya miche mipya ya miti katika shamba lile la kuazima. Katika shimo moja alitoa jiwe lililong'aa. Mtoto ni mtoto. Alilionyesha kwa wenzake kabla ya kulionyesha kwa babu yake, na kufika jioni jiwe lilikuwa limekwisha kuzunguka nyumba saba. Usiku huo jirani alikuja kwetu mwenyewe amelifunga katika kitambaa, akaliweka mbele ya baba mkubwa, akasema, "Mzee mwenzangu, hiki kimetoka shambani. Nimeona si vema ukisikie kwa watu."

Naomba msomaji akikumbuke kitendo hicho, maana yaliyofuata hayakulingana nacho.

Mmoja wa ndugu zangu, kitinda mimba wa baba mkubwa, alikuwa amefanya kazi misimu miwili katika machimbo ya upande wa Geita. Alijua maneno ya huko: duara, karasha, zebaki, na ile rashi ambayo huwakusanya watu elfu katika pori moja kwa muda wa wiki moja. Aliligeuzageuza jiwe mbele ya taa, akasema yamkini ni lenyewe. Kisha akamwelekea baba yake. "Baba, wewe uliazima udongo wa juu. Hukuazima yaliyo chini." Jirani akajibu kwa upole kwamba mwaka ule hapakutajwa udongo wa juu, lilitajwa shamba. "Shamba lina kina gani?" akauliza ndugu yetu mkubwa. Hapana aliyejibu.

Mimi, kwa kuwa ndimi msomi wa ukoo, niliombwa neno. Nikasema nilichokijua: kwamba kwa sheria ya Tanzania madini yote yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri, kwamba mwenye shamba na aliyeazimwa shamba wako sawa mbele ya sheria hiyo, yaani wote wawili hawana kitu, na kwamba atakaye kuchimba sharti apate leseni. Yalikuwa maneno ya kweli. Wote walininyamazia kwa heshima, kama wanyamaziwavyo watoto waliojibu swali wasiloulizwa. Hawakuwa wakiuliza nani atapewa leseni. Walikuwa wakiuliza kama maneno ya mwaka wa 1974 yalikuwa bado hai.

Kina cha shamba kilikwisha kuulizwa zamani mahali pengine, na huko hakikuulizwa na ndugu waliozunguka taa, bali na serikali yenye askari. Nasema juu ya Kakamega, kaskazini ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Waluhya. Mwaka wa 1930 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria ya amana ya ardhi za wenyeji. Kwa sheria hiyo ardhi zilizokwisha kutengwa ziliwekwa kwa matumizi na manufaa ya makabila yake milele. Kama sehemu yoyote ingelazimika kutwaliwa kwa kazi ya umma, ilipasa wenyeji wasikilizwe kwanza, na ardhi nyingine ya kiasi sawa iongezwe mahali pa ile iliyotwaliwa. Ardhi kwa ardhi, si ardhi kwa fedha. Walioitunga walijua kwamba fedha huliwa kwa mwaka mmoja, na kwamba mtoto azaliwaye mwaka wa pili hazikuti.

Mwaka mmoja ukapita. Bei za mahindi na kahawa zilikuwa zimeanguka duniani kote, nzige walikuwa wamekula walichokula, na walowezi wengi wa nyanda za Eldoret walikuwa wakidaiwa na benki kupita uwezo wao. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1931 Uingereza ikaacha kuilipa paundi yake kwa dhahabu. Hapa nataka kusimama kidogo, kwa kuwa waandishi wengi wa habari za Kakamega hupita hapa mbio. Noti ya paundi ilikuwa ahadi: aliyeishika aliahidiwa dhahabu. Siku ahadi hiyo ilipovunjwa London, noti ilipungua nguvu na bei ya dhahabu yenyewe ikapanda. Watu huitaka dhahabu zaidi pale wanapoacha kuziamini ahadi. Miezi michache baadaye, mwishoni mwa mwaka huo huo, mkulima Mmarekani aitwaye L. A. Johnson alipata dhahabu karibu na Kakamega. Rashi ya Kakamega, basi, ilikuwa imekwisha kuzaliwa na ahadi moja iliyovunjwa kabla haijavunja ya pili.

Katika mwaka wa 1932 mamia ya Wazungu walimiminika huko, wengi wao si wachimbaji bali wakulima waliofilisika, na pamoja nao maelfu ya Waafrika walioajiriwa kuchimba na kubeba. Kituo kidogo cha utawala kikawa mji. Waluhya waliokuwa na mahindi, ndizi na kuku wa kuuza waliuza, na si haki kusema kwamba hapana aliyefaidi. Lakini ardhi ile haikuwa pori. Ilikuwa mojawapo ya sehemu zenye watu wengi kupita zote katika Kenya, boma karibu na boma, na mashimo ya kutafutia dhahabu yalichimbwa katika mashamba ambayo watu walikuwa wakiyategemea kwa chakula cha msimu ule ule.

Sheria ya 1930 ilikuwa inasema nini juu ya jambo hilo? Ilikuwa wazi mno. Ndiyo maana ilibadilishwa. Mwezi wa Desemba mwaka wa 1932, Sir Joseph Byrne akiwa gavana, Baraza la Kutunga Sheria lilipitisha kwa haraka marekebisho yaliyoruhusu ardhi kutwaliwa kwa machimbo bila kuongezwa ardhi nyingine mahali pake na bila wenyeji kusikilizwa kwanza kama ilivyoahidiwa. Mwenye shamba angelipwa fedha. Katika baraza hilo hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka wa 1944. Tena wakati huo huo Tume ya Ardhi ya Kenya, chini ya Sir Morris Carter, iliyoteuliwa mwaka wa 1932, ilikuwa ikizunguka nchini ikiwauliza wenyeji ni nini kingeifanya mioyo yao iwe salama katika habari za ardhi. Twaweza kuyawaza majibu waliyokuwa nayo watu wa Kakamega.

Mwezi wa Februari mwaka wa 1933 jambo hilo lilijadiliwa katika bunge la Uingereza, na si wote waliolikubali. Lakini Waziri wa Makoloni, Sir Philip Cunliffe-Lister, aliitetea serikali ya Kenya, na marekebisho yalisimama.

Sasa yatupasa tuwe waadilifu hata kwa wale tusiowapenda, maana hoja zao hazikuwa za kipumbavu. Walisema kwamba sheria ya 1930 iliwaza barabara, reli na majengo, yaani ardhi iondokayo isirudi. Machimbo ni ya muda, nayo ardhi ingerudishwa dhahabu ikiisha. Walisema kwamba hapakuwa na ardhi tupu karibu ya kuongezwa. Walisema kwamba madini yalikuwa ya Mfalme tangu mwanzo, na kwa hiyo wenyeji hawakupokonywa kitu walichokuwa nacho. Na chini ya hoja hizo zote palikuwa na moja iliyozibeba nyingine: mwaka wa 1930 hapana aliyejua habari ya dhahabu. Waliotoa ahadi waliahidi malisho na mashamba. Kama wangalijua, wasingaliahidi hivyo. Je, mtu afungwe na jambo ambalo, kama angalijua yote, asingalilisema?

Nimekaa na swali hilo muda mrefu. Kwa upande mmoja lina nguvu. Mtu aliyemuuzia mwenzake sanduku kuukuu kwa shilingi elfu mbili, pakaonekana ndani yake vito vya marehemu mama yake, hatumwiti mwizi akiviomba. Twaona kwamba mapatano yalikuwa juu ya sanduku. Kutojua ni udhuru katika mambo mengi, na sheria za mataifa mengi zaukubali.

Lakini ahadi ya Kakamega haikuwa juu ya sanduku. Ilikuwa na neno moja ndani yake ambalo linaukataa udhuru huo, nalo ni lile neno milele. Wanafunzi wangu huniambia kwamba milele ni muda mrefu usio na mwisho. Hivyo ndivyo kamusi zisemavyo. Walakini hapana serikali wala mzee wa kijiji awezaye kuahidi muda usio na mwisho, kwa kuwa yeye mwenyewe ana mwisho. Mtu aahidipo milele, asemalo hasa ni "hata kama". Hata kama mvua itakosa. Hata kama bei itapanda. Hata kama kitaonekana kitu nisichokijua leo. Neno hilo lawekwa katika ahadi kwa ajili ya zile siku ambazo mtoaji hawezi kuziona. Kwa hiyo asemaye, "Niliahidi milele, lakini sikujua", amelirudisha kama udhuru jambo lile lile alilokuwa ameliahidia. Ni kama mtu aliyejenga ukuta kuzuia mafuriko, kisha, mafuriko yalipofika, akaubomoa kwa hoja kwamba siku ya kuujenga hapakuwa na maji.

Tena kuna tofauti ambayo sharti niikiri, isije ikasemwa kwamba naulinganisha mlima na kichuguu. Baba mkubwa aliahidi kilicho chake. Alikuwa na shamba, akalitoa. Akilirudisha kwake amevunja neno, lakini hajaiba. Serikali ya kikoloni iliahidi kisicho chake. Iliwaahidi Waluhya ardhi ya Waluhya. Ahadi ya namna hiyo, ukiivua nguo zake za kisheria, yasema tu: sitawanyang'anya zaidi. Kuivunja ni zaidi ya kuvunja neno. Hata hivyo mantiki ya ndugu zangu usiku ule na mantiki ya baraza la Nairobi ilikuwa moja, na ndilo lililonisumbua. Sikupenda kuiona sura ya baraza lile katika taa ya nyumba yetu.

Wasomaji wengi wa pwani wanaijua hadithi iliyopokewa kutoka kwa Mtume Muhammad, juu ya mtu aliyenunua ardhi na kukuta ndani yake mtungi wa dhahabu. Mnunuzi alimwendea mwuzaji, akamwambia achukue dhahabu yake, kwani yeye alinunua ardhi, hakununua dhahabu. Mwuzaji akakataa, akasema aliuza ardhi na vyote vilivyomo. Wakaenda kwa mwamuzi. Naye alipojua kwamba mmoja ana mwana na mwingine ana binti, aliamua watoto hao waozwe, watumie katika mali hiyo, na sehemu itolewe sadaka.

Hadithi hii husomwa kama sifa ya uaminifu, na ni kweli. Lakini tazama maneno yenyewe. "Ardhi si dhahabu", asema mnunuzi. Na ndiyo hoja ya baraza la Nairobi, na ndiyo hoja ya kitinda mimba wetu. "Ardhi na vyote vilivyomo", asema mwuzaji. Na ndiyo hoja ya jirani yetu, na ndiyo ambayo Waluhya wangaliisema kama wangalikuwa na kiti cha kuisemea. Hoja ni zile zile mbili, neno kwa neno. Kilichobadilika ni vinywa. Katika hadithi kila mmoja ameishika hoja inayomgharimu mwenyewe. Kakamega na Kansay kila mmoja aliishika hoja inayomfaidi. Basi nimefikia kuamini kwamba swali la kina cha shamba haliwezi kujibiwa kwa kuichunguza ardhi, wala kwa kuyachunguza maneno peke yake. Tafsiri mpya ya ahadi ya zamani ipimwe kwanza kwa hili: gharama yake yamwangukia nani, yule aliyeivumbua au yule mwingine? Kama tafsiri hiyo yamgharimu mvumbuzi, tumsikilize kwa makini, maana yamkini ameiona kweli. Kama yamfaidi yeye, naye ndiye mwenye nguvu, na ameivumbua wiki moja baada ya dhahabu, hatuna haja ya kuwa wanafalsafa ili kuitilia shaka.

Nitaambiwa na wenzangu wa idara ya falsafa kwamba kipimo hicho hakitoshi, kwa kuwa kweli ni kweli hata ikiwa kinywani mwa mwenye tamaa. Nakubali. Injili ya Mathayo ina mfano wa mtu aliyeona hazina katika shamba, akaificha, akauza vyote alivyokuwa navyo akalinunua shamba lile, na mfano huo haumlaumu. Mwenye shamba hatajwi hata kidogo. Nimewauliza mapadre wawili juu ya mwenye shamba huyo. Wote walinijibu kwamba mfano wahusu ufalme wa mbinguni, nao wana haki, lakini mimi hubaki nikimfikiria yule mtu aliyeuza shamba bila kujua.

Na dhahabu ikiisha, hubaki nini? Katika Kakamega mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka wa 1952, baada ya miaka ipatayo ishirini tangu rashi. Jina limebaki kuwa jina la mtaa, na wachimbaji wadogo wangali wakiyarudia mashimo ya zamani, ambayo mara kwa mara huwafukia. Hofu ya kupokonywa ardhi ilidumu kupita mgodi. Chama cha North Kavirondo Central Association, kilichoinuka katika miaka hiyo hiyo ya 1930, hakikuwa na kazi ya kuwafundisha watu kuishuku serikali. Somo hilo lilikuwa limekwisha kufundishwa na serikali yenyewe. Na hata baada ya uhuru, mahali palipoahidiwa milele mara moja na ahadi ikadumu miaka miwili, kila ajaye na ramani na vipimo hupokewa na watu wanaotazamana kabla ya kujibu salamu. Miaka hii ya karibuni utafiti wa dhahabu umerudi pande za Isulu na Bushiangala, na salamu hizo zimeanza tena.

Kwetu, mgodi wa zamani ulio karibu zaidi na Kansay ninaoujua ni Sekenke, katika Iramba. Bonde lile lile lililolaza Ziwa Eyasi laendelea kusini-magharibi hadi mbuga ya Wembere, na huko Wajerumani walipata dhahabu mwaka wa 1909. Vita vilipoikata njia ya bahari na fedha kutoka Ulaya zikakosekana, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora, na mwaka wa 1916 zikapigwa sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli, zaidi ya 16,000, zenye sura ya tembo na mlima nyuma yake. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji waliitwaa Tabora. Serikali iliyozipiga sarafu ikaondoka, lakini sarafu hazikupoteza kitu, kwa sababu aliyezipokea hakuhitaji kuiamini serikali. Thamani ilikuwa ndani ya chuma. Leo moja yake hununuliwa na wakusanyaji kwa bei inayopita mbali dhahabu iliyomo. Sekenke kwenyewe, wasafiri wengi wanakujua kwa ule mlima mkali unaopindua malori. Sijapata kumwona mtu wa Iramba mwenye sarafu hiyo.

Geita nayo ilichimbwa tangu miaka ya 1930, mgodi ukafungwa mwaka wa 1966, na mashimo yakaachwa kana kwamba habari imekwisha. Mwaka wa 2000 mgodi mkubwa mpya ulifunguliwa papo hapo, na mwaka wa 2012 Geita ikawa mkoa. Naitaja kwa sababu moja tu: ni huko kitinda mimba wetu alikojifunza kutazama jiwe kwa macho yale. Sipendi kumlaumu. Ana watoto watatu na eka moja na nusu, na shamba la kuazimwa lapakana na lake. Katika nchi ambamo ardhi imekuwa haba, ahadi ya ukarimu iliyotolewa na baba mwaka wa 1974, ardhi ilipokuwa tele, hulipwa na mwana. Hilo Kakamega haikunifundisha. Walioivunja ahadi huko walikuwa na nchi nzima. Aliyetaka kuivunja kwetu hana mahali pa kujengea wanawe.

Siku ya tatu nililichukua jiwe hadi Karatu mjini kwa mtu ajuaye mawe. Hakuhitaji mizani wala maji. Aliligusa kwa ukucha, likabanduka tabaka jembamba kama ngozi ya kitunguu. Ulanga, akasema, na akaniambia kwamba dhahabu haibanduki, hupondeka. Hakunitoza kitu.

Niliporudi niliwakuta wote wawili, baba mkubwa na jirani, wamekaa nje kama walivyozoea. Niliwaambia. Walicheka sana, jirani zaidi. Kitinda mimba alicheka pia, akalitupa jiwe uani, na watoto wakalipigania ili waubandue ulanga na kuupaka mashavuni. Ungalitazama kutoka barabarani ungalisema kwamba hapakutokea kitu chochote katika nyumba zile.

Baba mkubwa, nilipokuwa naye peke yangu, aliniambia, "Mwanangu, mimi usiku ule sikusema neno." Alisema hivyo kama ajiteteaye. Ni kweli hakusema. Hakusema kwamba shamba ni la kuazimwa udongo wa juu tu. Lakini pia hakusema yale maneno ya mwaka wa 1974, ambayo yeye peke yake alikuwa na haki ya kuyarudia, na ambayo jirani, naamini, alikuwa amekuja na jiwe lake kuyasikia.

Mashimo aliyochimba mjukuu yalifukiwa, na safari hii hayakupandwa kitu. Miche ya migrevilea ilikuwa bado katika viriba vyake chini ya ukuta wa nyumba ya jirani, yapata arobaini. Niliporudi Kansay wakati wa Pasaka niliikuta hapo hapo. Shamba lilikuwa na mahindi na mbaazi, limepaliliwa vizuri. Nilimsalimu mzee, nikamwuliza juu ya miche, akasema mvua haikuwa nzuri. Mvua ilikuwa nzuri. Niliinama kukiinua kiriba kimoja nikitazame, kikakataa kuinuka. Mizizi ilikuwa imetoboa nailoni na kushika ardhi ya uani.